Resini ya kilo kutoka Viwandani: yafaa ganda la boti kuukuu, mbao zake zina mambo yake

Boti nyingi za faiba zinazouzwa kwa bei ya kutupa jijini Nairobi zilitoka Naivasha au Pwani, zikaegeshwa uani kwa ahadi ya kutengenezwa likizo ijayo, kisha mvua za miaka kadhaa zikapita juu yake. Mnunuzi hukimbilia injini: inawaka au haiwaki? Sisi tunaanzia kwenye ndoo ya resini ya poliesta, chupa ya hadena (kimiminika kinachoigandisha resini) na mkeka wa faiba, vitu vitatu vinavyouzwa kwa kilo katika maduka ya kemikali ya Eneo la Viwanda. Injini inayogoma unaweza kuiuza na kununua nyingine. Ganda lililotengenezwa vibaya halina wa kumuuzia.

Hukumu yetu tuiseme mapema. Kwa kuziba na kuimarisha ganda la faiba la boti ya maji baridi, inayolala juu ya trela, tunaipa alama 8 kati ya 10. Kwa kugundisha mbao na kuzikinga na maji, alama 4, na hizo nne ni kwa fundi aliye makini. Kwa boti itakayokaa majini mwaka mzima, hasa maji ya chumvi, usinunue hii ya kawaida. Tafuta ile ya daraja la isofthaliki, na uwe tayari kulipa zaidi.

Hatutaji bei kwa sababu hubadilika kila mzigo mpya unapoingia. Tutataja vipimo, nawe upige hesabu kwa bei ya siku hiyo.

Resini yenyewe

Wateja wakubwa wa maduka haya ni watengenezaji wa bodi za matatu, matangi ya maji na masinki. Kwa hiyo ushauri utakaopewa kaunta ni ushauri wa matatu: "Hii inashika kila kitu, boss." Haishiki. Inashika vizuri faiba ya poliesta iliyokwaruzwa, inashika mbao kavu kwa kusuasua, na karibu haishiki kabisa alumini, plastiki za matangi na mbao zenye mafuta kama msaji.

Kinachouzwa mara nyingi ni resini ya matumizi ya jumla, ile ya daraja la othofthaliki. Uliza maswali matatu kabla ya kulipa. La kwanza, imetiwa kichapuzi tayari? Iliyotiwa kwa kawaida huwa na rangi ya waridi au zambarau hafifu. Ya manjano angavu huenda haijatiwa, na hiyo utaiwekea hadena, ungoje mpaka kesho, na itabaki majimaji. Ukiuziwa kichapuzi cha kobalti kando, kikoroge ndani ya resini kwanza, mpaka kichanganyike kabisa, ndipo hadena ifuate. Kobalti na hadena zikikutana zenyewe kwa zenyewe zinaweza kulipuka. Visafirishe katika mifuko tofauti na usitumie kijiko kimoja kwa vyote viwili.

Swali la pili, ina nta au haina? Resini isiyo na nta hubaki inanata juu baada ya kuganda, kwa sababu hewa huzuia sehemu ya juu kukomaa. Hilo si kasoro. Ndilo linalowezesha tabaka linalofuata kushikana na la chini. Yenye nta hukauka juu kabisa, na ukiweka tabaka jingine bila kupiga msasa, litabanduka siku moja kama gamba la kitunguu. Nunua isiyo na nta kwa kazi yote, na kichupa cha nta iliyoyeyushwa kwenye stairini, kiyeyusho kilekile kilichomo ndani ya resini, kwa ajili ya mkono wa mwisho tu, kiasi cha asilimia 2 ya uzito.

La tatu, ilitengenezwa lini? Resini ya poliesta ikihifadhiwa gizani, chini ya nyuzi 25, hudumu kama miezi sita. Ikipita hapo huanza kuwa nzito, kisha hugeuka jeli ndani ya ndoo. Usikubali iliyomiminwa kwenye chupa za maji zinazopitisha mwanga, iliyokaa rafuni dirishani. Ndoo iliyofungwa kiwandani yenye tarehe ni bora hata kama lazima ununue kilo 20 kwa mpigo.

Ukifika nyumbani, pima gramu 100, tia mililita 1.4 za hadena, koroga dakika moja, angalia saa. Kwa joto la nyuzi 20 hadi 25 inapaswa kuanza kuganda kati ya dakika 15 na 30. Ikipita saa nzima bila dalili, irudishe dukani siku hiyohiyo na kikombe mkononi.

Hadena, mahali ambapo kazi nyingi huharibika

Kiasi cha hadena ni asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa resini. Kipimo cha katikati, asilimia 1.5, ni gramu 15 kwa kilo, karibu mililita 14. Bomba la sindano la duka la dawa na mizani ya jikoni vinatosha. Kipimo cha vifuniko vya chupa, ambacho utafundishwa na karibu kila fundi, ndicho kinachozaa viraka laini.

Ukipunguza chini ya asilimia 1, resini huganda nusu na kusimama hapo. Haitakomaa kesho wala mwezi ujao. Ni kuikwangua yote na kuanza upya. Ukizidisha, huchemka, hujikunja na kupata nyufa nyembamba kama nywele, na ndoo yenyewe yaweza kutoa moshi. Usichanganye zaidi ya nusu kilo kwa wakati mmoja, na ukishakoroga imimine kwenye trei pana. Ikibaki imejikusanya katika kikombe kirefu, joto lake hujizidisha lenyewe na utapoteza yote katika dakika chache.

Nairobi si Mombasa. Kati ya Juni na Agosti usiku hushuka karibu na nyuzi 12, na asubuhi ya mawingu ganda la boti huwa baridi kuliko hewa. Chini ya nyuzi 15 resini hii huchelewa kuganda, na hadena zaidi si dawa yake. Anza saa tano asubuhi, maliza saa tisa alasiri ili upate saa chache za joto kabla ya jua kuzama, na ndoo ilale ndani ya nyumba usiku uliotangulia. Miezi ya Januari na Februari tatizo hugeuka: ganda lililopigwa na jua la mchana huganda mbele ya brashi yako. Hapo tandaza turubai, shuka hadi asilimia 1, lakini usishuke zaidi.

Miwani ya kukinga macho ni lazima, hata kama utafanya akiba kwingine kote. Tone la hadena jichoni laweza kumpofusha mtu. Likiingia, osha kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15 mfululizo huku mwenzako akitafuta gari la kwenda hospitali. Tumeona hadena ikiuzwa katika chupa za soda. Ikatae, au iandike kwa herufi kubwa na kuifungia mbali na watoto.

Mkeka

Nunua mkeka wa gramu 450 kwa mita ya mraba. Ule wa 300 hufuata kona vizuri zaidi, lakini kwa bajeti ndogo aina moja inatosha. Kila tabaka la 450 hukupa unene wa milimita 1 hivi, na hunywa resini mara mbili hadi mbili na nusu ya uzito wake. Kwa hiyo mita moja ya mraba yataka resini kilo 1 hivi. Ukiona mkeka bado una vidoa vyeupe, hewa imebaki. Ukiona resini inatiririka na kusimama vidimbwi, umezidisha, na hapo patakuwa pagumu lakini patavunjika kama kigae. Rola ya chuma yenye meno ndiyo inayotoa hewa. Brashi huiburuta faiba na kuitawanya, basi tumia brashi kwa kudonadona, si kwa kupaka.

Chana kingo za mkeka kwa mkono badala ya kukata kwa makasi. Kingo zilizochanwa hulala bila kuacha ngazi. Weka mkeka pakavu kabisa. Uliolala stoo yenye unyevu wakati wa masika hushika vibaya na hubaki na weupe usiotoka.

Onyo kwa wenye mpango wa kuchanganya mambo: mkeka huu umeshikizwa kwa gundi inayoyeyuka kwenye stairini iliyomo ndani ya poliesta. Epoksi haina stairini, kwa hiyo mkeka utabaki mgumu na kukataa kulala. Ukitumia epoksi, nunua kitambaa kilichofumwa.

Kuziba ganda

Kwa tundu la ukubwa wa ngumi kwenye ganda la milimita 4, kwangua ukingo kwa mteremko wa 12 kwa 1, yaani milimita 50 hivi kuzunguka tundu lote. Diski ya msasa namba 40 kwenye grainda hufanya kazi hiyo haraka. Faiba itakayopeperuka itakuwasha wiki nzima usipovaa mikono mirefu, na mapafu hayana mikono mirefu, basi barakoa yenye kichujio ni sehemu ya bajeti. Futa kwa asetoni kabla na baada ya kukwaruza. Ukikwaruza kabla ya kufuta, utasugua nta na mafuta ya zamani yaingie ndani ya mikwaruzo.

Upande wa ndani gundisha kwa muda ubao mwembamba uliofunikwa karatasi ya nailoni. Tunaanza na kipande kikubwa kinachofunika mteremko wote, kisha vidogo juu yake. Wapo mafundi wazuri wanaoanza na kidogo. Sababu yetu ni kwamba tabaka linalogusa ganda la zamani ndilo linalobeba mzigo, basi liwe pana. Matabaka manne yanatosha kwa milimita 4. Usizidishe hayo manne kwa mkupuo, joto litakunja kazi.

Halafu kuna bodifila ya matatu. Ni rahisi, hulainika vizuri kwa msasa, na fundi wa bodi atakuapia kwamba ni ileile. Imejaa unga wa talki, na talki hunywa maji. Juu ya mstari wa maji itumie upendavyo. Chini ya mstari huo itafura na kusukuma rangi nje ndani ya msimu mmoja au miwili.

Ubao wa tezi

Hapa ndipo pesa zako ziende kwanza. Ule ukuta wa nyuma unaobeba injini huonekana kama faiba tupu, lakini ndani una plaiwudi, na katika boti zilizotelekezwa plaiwudi hiyo mara nyingi imeshakuwa tope. Maji huingilia kwenye tundu la kuziba la chini, kwenye matundu ya bolti za injini, na kwenye skrubu za vitu vidogo ambavyo mtu alifunga bila kuweka muhuri.

Kuupima ni kazi ya dakika kumi. Gonga kwa nyundo ndogo kutoka juu hadi chini: mlio mkavu ni mzima, mlio wa kufa ni mbovu. Kisha toboa matundu ya milimita 5 kwa ndani, moja karibu na tundu la kuziba na mawili karibu na bolti za injini, utazame maranda. Meupe na makavu, ziba na uendelee na maisha. Ya kahawia yaliyolowa, ukuta wote utoke. Asiyekuruhusu kutoboa kabla ya kununua, mlipe bei ya ganda bovu au uondoke.

Plaiwudi ndiyo mtego wa pili. Ukienda dukani na kuomba "marine board", utaletewa ule ubao wa kahawia au mweusi wenye ngozi inayong'aa, unaotumiwa kumwagia zege. Ngozi hiyo haishiki resini hata kidogo. Ukikosa mwingine, ikwangue yote hadi mbao ionekane. Ulio bora ni plaiwudi ya gundi ya kuhimili maji isiyo na ngozi. Omba kipande cha masalio, kitie katika sufuria ya maji yanayochemka kwa saa kadhaa, ukaushe; gundi ya uongo itaachia. Tazama pia kingo: ukiona mapengo kati ya tabaka, maji yatapata njia.

Kwa boti ya futi 14 yenye injini ya nguvu farasi 40, ukuta wa upana wa mita 1.4 na kimo cha sentimita 55, ubao mmoja wa futi 8 kwa 4 wenye milimita 18 hutoa vipande vyote viwili na masalio ya kutosha kwa magoti ya pembeni, yaani vipande vya pembe vinavyoshikiza ukuta kwenye ubavu. Viwili pamoja ni milimita 36. Ukiongeza mkeka utafika karibu 43, unene ambao vibano vya injini nyingi za kundi hili huukubali. Pima mdomo wa kibano cha injini yako kabla ya kukata. Pima pia kimo: injini ya mguu mfupi yataka ukuta wa inchi 15, ya mguu mrefu inchi 20. Mguu mrefu kwenye ukuta mfupi hulima maji na kula mafuta.

Kabla ya kukata chochote, funga mbavu za boti kwa mbao za kupitisha juu na uweke viegemeo chini, ili ganda lisifunguke. Kata ngozi ya ndani, ukiacha mdomo wa sentimita 5 hadi 7 kuzunguka. Ngozi ya nje usiiguse. Ndiyo umbo lako. Toa plaiwudi mbovu kwa patasi, kwangua mpaka faiba safi ionekane, kisha subiri ikauke kwelikweli. Kipande cha nailoni kilichobandikwa kwa utepe usiku kucha kikiwa na ukungu asubuhi, bado.

Chora kiolezo cha katoni kwanza, ndipo ukate plaiwudi. Paka kila uso na kila ukingo resini iliyopunguzwa kwa stairini kidogo, iache inywe, rudia kingo mara ya pili. Usipunguze kwa asetoni: hubaki ndani na kudhoofisha. Kati ya ngozi na ubao wa kwanza, na kati ya mbao mbili, weka tabaka moja la mkeka lililolowa vizuri. Huo mkeka ndio unaofanya poliesta ishike mbao; resini tupu kati ya mbao mbili itaachia. Baada ya hapo kaza kwa boriti mbili na bolti zilizopakwa nta, kupitia matundu ya zamani ya injini, mpaka resini ichungulie kwenye kingo. Ukikaza zaidi utaikamua yote itoke, na viungo vitabaki vikavu.

Kona za ndani zijazwe uji wa resini na faiba iliyokatwa, wenye mviringo wa nusu inchi hivi, maana mkeka haupindi kwenye pembe kali. Juu yake matabaka matatu ya 450, yakipanda sentimita 15 kwenye ubavu na sakafu.

Ukiwa na pesa za kuchagua mahali pamoja pa kuweka epoksi, weka hapa, kati ya mbao. Inashika mbao kuliko poliesta, na haina mjadala. Ila usichukue epoksi ya sakafu inayouzwa kwa makontrakta. Ina vijazo na ni nzito kupenya kwenye mbao. Na ukishaweka epoksi usirudi na poliesta juu yake, mshiko wake ni wa wasiwasi.

Matundu ya bolti ndiyo yatakayoua ukuta mpya. Toboa makubwa kuliko bolti kwa milimita 6, yajaze resini yenye faiba, yaache yakomae, toboa tena kwa kipimo halisi. Sasa bolti inapita ndani ya plastiki, mbao haioni maji. Muhuri uwe wa poliyurethani. Silikoni ya bafuni hubanduka, na mabaki yake huzuia kila kitu kingine kushika. Bolti za chuma cha pua daraja la 304 zinatosha Naivasha. Kwa bahari, 316.

Hesabu ya kilo

Ukuta wa tezi kama tulivyoueleza hula mkeka wa mita 5 za mraba na resini kilo 8 hivi pamoja na uji wa kona. Sakafu ya mita 3 za mraba kwa matabaka mawili hula kilo 7. Viraka viwili vya ganda, kilo 1 hadi 2. Ndoo ya kilo 20 inatosha na kubaki kidogo, mkeka kilo 6, hadena gramu 300. Asetoni lita 5, maana rola na brashi huoshwa kila baada ya mchanganyiko, na glavu boksi zima.

Chini ya sakafu utakuta sponji ya zamani iliyonywa maji. Boti ndogo huweza kubeba makumi ya kilo za maji hayo bila mwenyewe kujua, akilaumu injini. Itoe yote. Usirudishie ile povu nyeupe ya kufungia televisheni: resini ya poliesta huila papo hapo mpaka libaki shimo. Madumu ya lita 20 yaliyofungwa vizuri, yakabanwa yasitembee, ni kielezi cha bure. Kila moja huinua karibu kilo 19.

Injini, kwa ufupi

Ukipata Yamaha Enduro 40 ya zamani, ya mapigo mawili, usiikatae kwa sababu ya sura. Ni injini rahisi, na mafundi wa maziwani wanaijua vilivyo. Pima mgandamizo wa silinda zote mbili kwa geji. Kumbuka kwamba Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, hivyo geji itasoma kama moja ya tano chini ya kitabu. Injini inayosoma psi 120 Mombasa itasoma 97 hivi hapa bila kuwa na ugonjwa. Linalotakiwa kukushtua ni tofauti kati ya silinda na silinda inayopita asilimia 10 hadi 15.

Fungua skrubu ya chini ya sanduku la gia. Oili nyeupe kama maziwa maana yake maji yameingia, sili zimekwisha. Badilisha impela ya pampu ya maji hata kama inaonekana nzima. Mpira uliokaa miaka umepinda upande mmoja hausukumi maji ya kutosha. Iliyotoka Pwani huwa na chumvi iliyoganda kwenye njia za kupoza, basi iendeshe ndani ya pipa la maji na uangalie mkojo wake, yaani maji ya kupoza yanayochuruzika nje: mwembamba au wa moto sana, simamisha. Oili ya kuchanganya na petroli iwe ya daraja la TC-W3, mililita 20 kwa lita kwa uwiano wa 50 kwa 1. Ile ya pikipiki za mapigo mawili inayouzwa vituoni ni ya injini zinazopozwa kwa hewa, huacha majivu juu ya pistoni. Anodi (kipande cha chuma kinacholiwa na kutu badala ya injini) ya zinki ya boti ya bahari haifanyi kazi ipasavyo kwenye maji baridi. Weka ya magnesi.

Naivasha iko mita 1,884. Injini hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300, kwa hiyo farasi 40 zako zitakuwa 32 au 33. Rafadha (propela) iliyokuja na injini kutoka Mombasa itakuwa kubwa mno, na boti itakataa kuinuka juu ya maji. Shuka inchi 1 au 2 za mteremko wa rafadha (pichi) kabla ya kugusa kabureta. Watu wamefungua injini nzima wakitafuta ugonjwa uliokuwa kwenye rafadha.

Kabla ya kuteremka Mai Mahiu, funga beringi mpya na grisi kwenye magurudumu ya trela, na hakikisha trela ina namba yake ya usajili ya NTSA. Haitumii ya gari. Boti nayo hukaguliwa na kupewa leseni na Mamlaka ya Bahari ya Kenya, na jaketi za kujiokoa ni za kila abiria.

Tuirudie ndoo. Tunayoipenda: hupatikana bila kuagiza, hushikana vizuri na faiba kuukuu, na kosa dogo hurekebishika kwa msasa. Tusiyoipenda: huuzwa bila karatasi ya maelezo, kipimo cha hadena huachiwa mdomo wa muuzaji, na nusu ya vitu vinavyoifanya ifaulu, kuanzia mizani, nta, rola ya meno hadi miwani, havimo ndani ya furushi wala hakuna atakayekukumbusha kuvinunua. Kilo mbili tatu zitakazobaki zihamishie kwenye kopo la chuma lenye mfuniko, andika tarehe, weka chini ya ngazi mbali na jiko. Matambaa yaliyolowa hadena yasirundikwe kwenye pipa la taka. Yaloweke kwenye maji kwanza, kwani huweza kuwaka yenyewe.